Mji Niliouchagua kwa Kuonja Maji

Njombe, mwezi wa nane

Kwa mama yangu mpenzi, Bi Mwanaidi,

Shikamoo mama. Kifua kimeamkaje? Kaka Abdallah hajambo? Na mpunga, nguruwe wamewaachia chochote mwaka huu? Huku tunapumua, Mungu anatuangalia, ila leo sikuandikii ya kufurahisha.

Naandika kwa sababu kwenye simu nashindwa. Nikiisikia sauti yako tu naanza kuusifia mji. Barua hii nimempa Mwalimu Neema, huyo anayefundisha hapo Maparoni, alikuja kwao huku likizo. Akusomee yeye. Kaka asisome, atanitukana kabla hajafika katikati.

Mama, maji ya chumvi yalipoingia shambani, tukakubaliana nitangulie kutafuta mji wa kuhamia sote, uliniambia neno moja: "Miye popote nakwenda, mwanangu, ila baridini usinipeleke. Kifua changu wakijua." Nikacheka. Nilidhani ni utani wako wa kila siku.

Miji ilikuwa mitatu. Mtwara nilikataa kwa kuwa yuko mama mdogo, nikaogopa kila nikinunua kitoweo ukoo mzima utajua. Morogoro nililala siku moja, nikaona joto ni lile lile la nyumbani, nikasema sasa nitakuwa nimehama nini? Ujinga mtupu, mama. Njombe nilifika mwezi wa kwanza, mvua inanyesha, hewa nzuri. Nikafanya kama marehemu baba alivyofanya kila alipotaka kujenga dungu la kulindia mpunga. Unakumbuka, alikuwa anachimba kwa mkono, anachota maji, anaonja. Akitema tunahama, akimeza tunajenga. Basi nikafungua bomba la nyumba ya wageni, nikameza. Matamu! Nikawa nimeshachagua mji, na kikombe bado nimekishika.

Mwalimu Neema alinionya tangu huko nyumbani: "Nenda mwezi wa saba, Salum, ndipo uamue." Nikamwona mjuaji. Kumbe huku maji mazuri yako kila mahali, wala hakuna anayeyauliza.

Kazi nilipata, natengeneza vitanda, maana huku mtumbwi hauna mteja. Zuhura mkwe wako naye, aliponifuata na Rukia wetu, alizoea upesi. Ulipoingia mwezi wa sita, tukaamka majani ya uani yameganda meupe. Maji ya udhu yanauma hadi mfupani. Tukawa tunafunga madirisha na kuingiza jiko la mkaa ndani, na hapo Rukia akaanza kukohoa. Mtoto huyu ana kifua chako, mama. Nikifumba macho akipumua, nakusikia wewe. Siku ya tatu alishindwa hata kuniita. Nikambeba mgongoni mpaka hospitali.

Alipotulia, daktari akaniuliza, "Nani mwingine kwenu anapumua hivi?"

Nikamjibu, "Bibi yake. Anakuja mwezi ujao kuishi na sisi."

Akaweka kalamu chini. "Bibi huyo usimlete huku. Na huyu mtoto, kama mna kwenu kwenye joto, mpeleke kabla baridi haijamrudia."

Nililia pale kwenye benchi, mama, mwanaume mzima, wagonjwa wananitazama. Wewe uliniomba jambo moja tu, nami ndilo nililolisahau.

Tungeondoka sote sasa hivi, lakini Zuhura ana mimba ya miezi minane, hawezi safari hiyo. Akijaliwa kujifungua salama na kupata nguvu, tutahamia Mtwara, mama mdogo atutangaze apendavyo.

Nisalimie kaka Abdallah na mkewe, na shangazi mkunga, mwambie Zuhura anatamani angekuwa naye karibu. Msalimie pia imamu wetu aliyenisomea dua siku naondoka.

Kaka ameniambia umeshafunga mzigo na umewaaga majirani. Ufungue, mama, na unisamehe kwa aibu niliyokutia mbele yao. Najua tangu boti ilipotia nanga unajiuliza kwa nini mwalimu ameongozana na mjukuu wako. Nilitaka mji wa kutukusanya sote, na sasa nimemtoa mwanangu kwa mama yake. Rukia hajawahi kulala mbali na Zuhura hata siku moja. Mshike mkono mpaka asinzie.

Mwanao aliyekukosea,
Salum