Hakuna Wimbo Unaompendeza Mwalimu Ogoti

Magwagwa,
14 Januari 2024

Dada Drusilla,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Mimi ni mzima, ukiacha goti la kushoto na roho yangu, ambayo umeichafua wewe. Natumaini wewe na mwanao Lorna hamjambo hapo Kisii, na kwamba mvua haijaingia kwenye marobota yako ya mitumba.

Nimepokea ile flashi ya nyimbo ishirini uliyompa Manasseh aniletee na lori lake la majani chai. Zawadi ya Mwaka Mpya, ulisema. Nimezisikiliza zote mpaka mwisho, kama mtu anayekunywa dawa ya minyoo.

Wimbo wa kwanza, kijana analia kama amekanyagwa kidole. Wa nne nilipata neno moja tu, "beibi", na hilo nalo sijui ni neno la wapi. Wa tisa ni ngoma tupu, du du du, kama mtu anakung'uta godoro. Hivi hawa waimbaji wenu wamekatazwa kufungua midomo? Miaka thelathini na mbili nimefundisha watoto wa darasa la tatu kutamka, na hata yule aliyeng'oka meno ya mbele alitamka vizuri kuliko hawa.

Unajua nyimbo ninazozipenda mimi, maana tumelala chumba kimoja na redio moja. Rumba za Kongo za kabla gitaa halijaanza kuharakishwa. Benga ya zamani, ile ambayo mpiga gitaa alijibizana na mwimbaji kama majirani wawili. Na juu ya zote, obokano, kinubi chetu kikubwa. Nyuzi nane, mzee mmoja kwenye kigoda, na harusi nzima inanyamaza. Huo ndio muziki. Hayo yenu ni mashine ya kusaga mahindi iliyovalishwa miwani ya jua.

Kwaya ya kanisa nimeiacha. Wameleta kinanda cha umeme chenye ngoma ndani yake, na Obwocha ndiye anaongoza, mtu asiyejua tofauti ya sauti ya tatu na kikohozi. Sabato nakaa nyuma kabisa, nafumba macho.

Usinipigie simu. Simu za siku hizi ni takataka, mtu anaongea kama ana uji mdomoni. Andika.

Kaka yako,
Ogoti

*

Daraja Mbili,
2 Februari 2024

Kaka Mwalimu,

Pole na goti. Sisi tuko salama. Lorna ana mafua kidogo, biashara inakwenda, mvua imeingia kwenye robota moja tu, lile la makoti.

Nimesoma barua yako kwa sauti hapa sokoni, nikiwa nimesimama juu ya meza yangu, na wenzangu wote wanaouza nguo wamecheka mpaka wateja wakaja kuona kuna nini. Wanauliza kama huyo kaka yangu alizaliwa na miaka sabini au aliifikia polepole.

Wewe unazungumza juu ya rumba za Kongo kana kwamba ulizitunga. Neno la Kilingala hujui hata moja! Miaka arobaini umeimba kwa hisia, macho umefumba, vitu usivyovielewa, halafu unakuja kunilalamikia maneno hayasikiki. Mimi nina wimbo wa kufungulia robota, nina wimbo wa saa sita jua likichoma, nina wimbo wa mteja anayetoa nguo zote na kuondoka bila kununua. Muziki wangu unafanya kazi. Wako umekaa kwenye kaseti mia tatu chini ya kitanda ukila vumbi.

Lakini nimeandika kwa jambo lingine. Phanice wako amerekodi wimbo. Ndiyo, binti yako, mwalimu wa chekechea Keumbu, ambaye hujamtembelea tangu Agosti. Ameuimba kwa Ekegusii, kwenye studio ndogo hapa Kisii, na redio ya kikwetu wataucheza Jumatano ijayo saa nne asubuhi. Tarehe kumi na saba mwezi wa tatu ataimba Keumbu, kwenye tamasha la akina mama. Anaogopa kukualika mwenyewe. Anasema, "Shangazi, wewe mwandikie, baba atanichambua kama insha."

Mimi nimemwambia uongo kwamba hutafanya hivyo. Usiniaibishe.

Dada yako,
Drusilla

*

Magwagwa,
9 Machi 2024

Dada Drusilla,

Natumaini Lorna amepona mafua. Goti langu liko vilevile.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka hasira ipoe, na haikupoa. Nimeusikia wimbo wa Phanice. Si mara moja. Wameucheza wiki nzima, na mimi nimekaa karibu na redio kama mfungwa.

Sasa sikiliza. Hakuna tuni. Kuna ngurumo fulani chini, inatetemeka mwanzo mpaka mwisho, kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Nani amemshauri aweke mlio huo? Na juu ya hao nyuki kuna mtu ananong'ona. Sikupata neno. Hata moja! Binti ambaye nilimfundisha mwenyewe kuvuta pumzi kutoka tumboni, leo ananong'ona kama anaiba kuku.

Wewe na soko lako mmemharibu. Amesikia hizo takataka zenu za kukung'uta godoro akadhani ndiyo njia. Keumbu siji. Sitakaa kwenye kiti cha plastiki kupigia makofi debe la nyuki.

Na umwambie hivyo hivyo. Usipambe. Mwambie baba yake amesikiliza wimbo wake wiki nzima na hakupata kitu.

Kaka yako,
Ogoti

*

Daraja Mbili,
20 Machi 2024

Ogoti,

Leo hakuna salamu. Hilo goti lako lijiulize lenyewe.

Nilimwambia. Ulisema nisipambe, sikupamba. Nilimsomea barua yako Keumbu, nyuma ya jukwaa, kabla hajapanda, kwa sababu mimi pia nilikuwa na hasira na akili yangu ilikuwa fupi, na hilo nitalijibu kwa Mungu. Alichukua karatasi, akaikunja, akanirudishia. Akasema, "Asante, Shangazi." Akapanda akaimba nyimbo za watu wengine. Wake hakuuimba. Watu wakaupigia kelele, wanauitisha, naye akatabasamu akashuka.

Sasa nikwambie huo wimbo ni nini, wewe bingwa wa muziki. Hauna ngoma. Hauna mashine. Kuna Phanice, na kuna mzee mmoja kutoka Nyamira anayempigia obokano. Hao nyuki wako kwenye debe ni obokano, Ogoti! Ni zile nyuzi nane ambazo umetuhubiria tangu tukiwa watoto. Na hanong'oni. Anaimba waziwazi, mpaka wanawake wanaouza ndizi, ng'ambo ya pili ya soko, wameshaushika wimbo wote kwa moyo. Unahusu mwalimu aliyekuwa akimwamsha binti yake kwa kuimba badala ya kumwita jina. Kila mtu hapa alisikia kila neno. Kila mtu.

Nilipokuwa narudi nilikutana na Obwocha kwenye steji. Nikaanza kumtukana kwa niaba yako, kwa ajili ya kinanda chake. Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Mama Lorna, hatukumfukuza Mwalimu kwa sababu ya kinanda. Alikuwa anatuanzishia wimbo juu, sisi tukifuata, anatugeukia anasema tumepotea. Mwaka mzima tulivumilia. Siku ya ubatizo aliendelea kuongoza baada ya sisi kumaliza."

Kwa hiyo nakuuliza, na ujibu kama mtu mzima. Unasikia au husikii?

Drusilla

*

Daraja Mbili,
11 Juni 2024

Kaka,

Hujambo? Miezi mitatu karibu. Manasseh anasema barua alikupa mkononi, ukaiweka mfukoni na kumuuliza habari za bei ya majani chai kana kwamba hakukupa kitu. Anasema umekonda.

Nilikukasirikia lakini sikukuzika. Andika hata matusi.

Dada yako,
Drusilla

*

Magwagwa,
3 Agosti 2024

Dada Drusilla,

Shikamoo nakupa leo, ingawa mimi ndiye mkubwa.

Sisikii.

Ilianza sikio la kushoto, mwaka ule nilipostaafu. Kwanza walipotea ndege. Nikadhani wamehama kwa sababu majirani wamekata miti. Kisha kaseti zangu zikaanza kuharibika, moja moja, gitaa likawa linazama. Nilisafisha kichwa cha redio kwa spiriti, nikanunua mikanda mipya, nikamtukana fundi wa Nyamira mbele ya wateja wake. Wote walikuwa wameharibika isipokuwa mimi.

Nilipata ujanja. Mtu akiongea nisimwelewe, nasema amesema upuuzi. Mara nyingi huwa kweli, kwa hiyo hakuna aliyenigundua. Wimbo nisipousikia, nasema ni mbaya. Ni rahisi mno, Drusilla. Mzee akisema muziki wa leo ni takataka, watu wanatikisa kichwa, wanamletea chai. Mzee akisema hasikii, wanaanza kumpigia kelele kama ng'ombe na kupanga mambo yake akiwa amekaa hapo hapo.

Nilikuwa tayari kufa na sifa ya kuwa mtu mgumu wa kupendezwa. Ni sifa nzuri. Sasa nimeitumia kumchinja mtoto wangu, na kisu nilikufungia kwenye bahasha ukipeleke wewe.

Baada ya barua yako nilitoa kaseti ya obokano, ile ya harusi ya mjomba. Nikaifungua kwa sauti yote. Mbuzi walikimbia, kwa hiyo najua ilikuwa inalia. Mimi nilisikia nyuki.

Niandikie maneno ya wimbo wa Phanice. Nataka kuyasoma.

Kaka yako,
Ogoti

*

Daraja Mbili,
10 Agosti 2024

Kaka,

Nimelia, nimejifuta kwa shati la mteja, nimeendelea na kazi. Lorna anakusalimia.

Maneno siandiki. Huo wimbo una mwenyewe, na mwenyewe anakaa Keumbu, nyumba ya tatu baada ya kinyozi. Mwendee umwombe. Mimi sipeleki tena kitu cha mtu kwa mtu.

Kabla ya hapo utakuja Jumanne, tutakwenda hospitali pamoja. Usilete mdomo wako. Daktari akiongea ukaona anasema upuuzi, niangalie mimi.

Na usidhani nimekuhurumia mpaka nikasahau. Kumbe zile nyimbo zangu ishirini ulizitukana bila kuzisikia! Utazirudia zote.

Dada yako,
Drusilla

*

Magwagwa,
1 Desemba 2024

Dada Drusilla,

Natumaini umefika salama jana na mgongo haukukusumbua. Mimi nimelala vizuri. Uliondoka Keumbu mapema kuwahi soko, kwa hiyo hukuona mwisho, nami nataka uujue kutoka kwangu kabla Obwocha hajakupa wake.

Kwanza ile siku ya Septemba, ambayo sikukueleza. Niligonga mlango wa Phanice nikiwa na kile kidude cha daktari sikioni. Akanitazama, akakitazama. Akanikaribisha, akanipa chai, akakaa mbali kidogo.

"Baba, mbona hukusema husikii?"

Nikamwambia, "Mtu aliyefundisha kwaya miaka ishirini na sita aseme hasikii?"

"Kwa hiyo ukaona heri useme mimi siwezi kuimba."

Niliweka kikombe chini. Nilimwambia nimekosa, nikalirudia neno hilo kwa Ekegusii ili lisiwe la kitabuni. Hakulia, hakunikumbatia. Alisema ana madaftari ya watoto ya kusahihisha. Tukayasahihisha pamoja, na wale watoto wake, naomba nikwambie, hawajui kuandika herufi g hata mmoja. Nilipokuwa naondoka akasema kuna tamasha jingine mwisho wa Novemba. Akasema tu hivyo, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Jana sasa. Uliniona nimekaa mbele. Hukujua kwamba kidude kile kinafaa kwa mtu mmoja akiwa karibu, na kwa muziki ni balaa tupu. Kila kitu kinageuka vijiko vinavyooshwa kwenye karai. Wale vijana watatu wa kwanza waliniua. Nilikuwa nimeshaanza kuandaa matusi, halafu nikakumbuka kwamba sina haki nayo, na hilo lilikuwa chungu kuliko vijiko.

Kisha akapanda. Niliona mzee akiegemeza obokano. Niliona wanawake wakiacha kutafuna. Nilimwona akivuta pumzi, na aliivuta kutoka tumboni. Basi. Mengine yalikuwa vijiko.

Baada ya makofi alishuka moja kwa moja mpaka kwangu, watu wakimshika mkono njiani, akasimama mbele yangu.

"Umeuonaje, Baba?"

Drusilla, neno "mzuri" lilikuwa ulimini. Lingetosha. Wote walionizunguka walikuwa wananisubiri nilitamke, na Obwocha alikuwa ameshaanza kutabasamu. Maisha yangu yote nimekuwa na jibu la swali hilo kabla halijaulizwa.

"Sikuusikia vizuri, mwanangu," nikasema.

Akawaambia watu watupishe, akavuta kiti akakaa upande wangu wa kulia, akaweka mkono begani kwangu, na akanisemea wimbo wote. Hakuimba. Aliusema, mstari kwa mstari, kama mtu anayesoma barua kwa asiyejua kusoma, na kila mstari ukiisha anasubiri nitikise kichwa kukubali ndipo aendelee. Nilisikia kila neno.

Ubeti wa tatu una kosa la sarufi. Si dogo. Kitenzi hakikubaliani na nomino yake, na mtoto wa mwalimu hapaswi kusema vile hata usingizini. Nakuandikia wewe kwa sababu lazima mtu aambiwe, ama sivyo nitapasuka.

Yeye sikumwambia. Alipofika mwisho alinitazama, nikamwomba arudie tangu mwanzo, na tulipofika tena kwenye ule ubeti wa tatu nilitikisa kichwa kama mjinga, naye akaendelea.

Kaka yako,
Ogoti