Misuli ya Moyo Wangu na Jina la Mwaitu

Jumanne. Jua la hapa kwetu Zombe limewaka hata hewa ni moto. Nimetoka Kitui kwa daktari, nimekaa mlangoni na simu.

Ni moyo. Aki ni moyo!

Tangu nimzae Mwikali, wiki sita sasa, miguu imefura mpaka malapa hayaingii. Mama mkwe akasema ni chumvi. Akina mama wa kanisa wakasema mzazi hufura, itaisha tu. Kikohozi nikasema ni vumbi. Nikilala chali pumzi inakatika, kwa hivyo nimekuwa nikilala nimeketi, nimeegemea gunia la ndengu, na nikaona ni kawaida. Ujinga wangu huo.

Leo daktari amenipaka kitu baridi kifuani, akatazama picha ya moyo kwa skrini. Halafu akasema misuli imelegea, moyo umepanuka, hausukumi damu vizuri. Nikamuuliza nilikula nini. Akasema si chakula. Wengine huletewa ugonjwa huu na pombe, wengine presha, wengine virusi, wengine wamerithi kwao. Wangu unaonekana ni wa ujauzito, na kwa nini mimi na si jirani, hata yeye hajui. Kuna wanaopona kabisa na dawa, kuna wanaobaki nusu, kuna wanaoenda. Mimi niko wapi hapo? Eti tutajua tukipiga picha tena baada ya miezi kadhaa.

Kisha akanipa dawa, akasema nisishike mimba nyingine. Inaweza kuniua.

Woi, hapo ndipo nililia. Kwetu Ukambani msichana wa kwanza huitwa jina la mama ya bwana, na Mwikali ndiye huyo. Wa pili ndiye angeitwa Syombua, jina la mama yangu. Mwaitu, ndivyo ninavyomwita mama, yuko Mbooni na hana mtoto mwingine, ni mimi tu. Juzi ametuma avokado na shuka ndogo, akanicheka kwa simu: hiyo ni ya Mwikali, ya Syombua nimeficha.

Nimempigia sasa hivi nikaropoka yote.

"Syombua ni mimi, na bado niko," akasema. "Wewe ndiye sina mwingine. Dawa umemeza?"

Nilikuwa sijameza. Hakukata simu. Nikalia, nikameza moja moja, na yeye akingoja asikie maji yakishuka.