Kuni Ulizonibebea, Baba

Baba mpendwa,

Leo kocha wangu hapa Embu amenipandisha ngazi za uwanja nikiwa na gunia la mchanga mabegani. Nimekukumbuka, nikacheka peke yangu. Ungekuwa hai ungemfokea.

Nilipochaguliwa kuiwakilisha shule katika mbio, ulinipiga marufuku kubeba mzigo wowote. "Wacha hiyo mzigo, mwari," ulisema. "Hii miguu ni ya mbio, si ya punda." Ukazibeba kuni zangu wewe mwenyewe, kamba kwenye paji la uso, ukapanda nazo kutoka mtoni hadi nyumbani. Wanaume wa kwetu Nkubu walikucheka hadi basi: mzee mzima kubeba kuni kama mwanamke! Uliikaza kamba ukaendelea. Aliyeona aibu ni Mama.

Pumzi nilikuwa nayo tele. Lakini kila shindano lilikuwa hadithi ileile: naongoza, kisha mzunguko wa mwisho miguu inakuwa uji, wasichana wananipita. Wewe ukadhani sijapumzika vya kutosha, ukaninyang'anya hata ndoo ya maji.

Kocha aliponipima siku ya kwanza aliguna. "Mapafu uko nayo, lakini hizo miguu hazina kitu. Kwani nani alikuwa anakuchotea maji?" Akanieleza kwamba msuli dhaifu hutumia karibu nguvu zake zote katika kila hatua, ndiyo maana huchoka upesi. Ulio imara hutumia kidogo, ukabaki na akiba. Sisi tuliamini nguvu ni adui wa pumzi, kumbe ndiyo inayoitunza.

Nilikukasirikia, Baba, sitakuficha. Niliona miaka yangu mizuri imepotea bure. Halafu nikawakumbuka wale wanaume na vicheko vyao, nawe unapanda tu mlima umeinama, na hasira ikaniisha. Kukosea ulikosea. Kunipenda ulinipenda zaidi.

Jumamosi ni mchujo wa timu ya taifa, na kwa umri wangu sitapata mwingine. Sasa nina miguu ya kumalizia. Tatizo ni moja: kwenye mzunguko ule wa mwisho, wenzangu wataitwa kwa majina yao na baba zao kando ya uwanja. Mimi nitapita hapo bila wa kuniita, na kwa hilo kocha hana zoezi.

Pumzika, Baba.

Binti yako, mwari wako