Herufi Tatu za Watoto wa Quionga

Shoga yangu Delfina,

Nimeketi barazani kwa mama, hapa Palma, mchana. Watoto wamekwenda madrasa, nyumba imetulia. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ulikuwa umeshakipata, ingawa mpaka mwisho ulikuwa unasema "nimekula maji", na mama alikataa kukusahihisha, anasema ladha itapotea. Anakusalimu. Akikutaja husema mwanangu wa Inhambane.

Tangu uondoke, mvua zimekwisha, homa iliyokuchukua imepungua mjini Pemba, na ofisini mezani kwako hajakaa mtu. Mwanzo nilikuwa sitazami upande ule kabisa. Lakini wiki hii nina furaha hata sijui niipeleke wapi, na katika wote ninaowajua ni wewe peke yako ungeielewa bila kuelezwa mara mbili. Basi nakuletea wewe.

Unakumbuka Ujerumani tulikopelekwa masomoni, mwaka wetu wa kwanza mbele ya kompyuta, vidole vimekufa ganzi kwa baridi? Ulitumwa utafute waliojibu SIM, yaani ndiyo, kwenye majibu ya wanafunzi. Ukaandika [SIM], ukaifungia ndani ya mabano ya mraba, ukakaa kusubiri. Mashine ikakuletea watu wote: kila mstari wenye S popote, au I, au M. Ikawaleta akina Simão, Ismael, Maria, na jina la mwalimu mwenyewe. Tulicheka mpaka mlinzi wa jengo akaja kuchungulia. Tangu siku ile ukawa unamwambia kila mtu kwamba mabano hayashiki neno. Yanasema tu hapa pakae herufi moja, mojawapo ya hizi. Na ukajipa kazi ya kuwinda makosa ya mabano ya wenzio, kama mama anayemtafuta mwanawe chawa.

Sasa sikia. Majina ya watoto waliofaulu kwenda sekondari ya bweni yalipitishwa ofisini kwetu, kwa herufi kubwa tupu bila alama juu yake, kwa ile programu tuliyoletewa kutoka Maputo. Unaijua: jina likiwa na alama isiyoruhusiwa, inalitupa, wala haisemi. Baada ya majina kutoka, akaja Mwalimu Bakari wa shule ya Quionga, kapanda lori la ushirika, vumbi mpaka kwenye kope. Hakupandisha sauti. Alieleza kwamba kwake wamefaulu wengi, lakini waliotoka ni akina António na Rosa. Akina Kijakazi, Yusufu na Mwema hawamo.

"Wazazi nimeshawaambia watoto wamefaulu," akasema. "Sasa nikirudi niwaambie nini?"

Shefe, mkuu wetu wa ofisi, unamjua upole wake, naye amechoka na mambo mengi, akaona njia ya mkato. Waandikwe upya kwa Kireno, Quijacazi, Iussufo, Muema, mashine itawapokea na watoto watakwenda shule. Delfina, hapo nikakataa. Mimi wakati wa Wareno niliandikwa Muanacombo, na bendera ilipobadilishwa tu baba alifunga safari kwa miguu kwenda kunirudishia Mwanakombo yangu. Nikamwambia, "Shefe, watoto hawajakosea majina yao. Iliyokosea ni mashine."

Akanipa mpaka Ijumaa.

Nikaifungua programu. Mabano yenyewe yalikuwa haya: [A-JL-VXZ ]. Nikayasoma polepole, kidole juu ya kioo, kama ulivyokuwa ukisoma wewe. A mpaka J. L mpaka V. Halafu X, halafu Z, na mwishoni nafasi tupu ya kutenganisha jina na jina. Aliyeyaandika wala hakuwa na nia mbaya. Alifuata alfabeti ya Kireno kama alivyofundishwa shuleni, na ile haina K, haina W, haina Y. Ukizitoa hizo tatu, utamwita nani huku pwani?

Kwa furaha nikafanya haraka. Nikataka kuandika A mpaka Z, nikaweka z ndogo: [A-z ]. Watoto wote wakapita, nami nikapeleka karatasi kwa shefe mbio mbio. Alikuwa ameshashika kalamu, akasita. Akaniuliza kwa adabu kabisa kama na SAIDI]JUMA ni jina la Quionga.

Ungekuwepo ungeanguka chini kwa kicheko. Kidole cha mpiga chapa kiliteleza, na mabano yangu yakaupokea uchafu ule bila neno, kwa sababu ndani ya mashine, kati ya Z kubwa na a ndogo, kuna alama zimekaa kimya, na hayo mabano yenyewe yamo. Ulinionya tangu zamani.

Nilirudi, nikakaa kwenye kiti chako. Mara ya kwanza. Nikawa nakusikia: "Mana Kombo, usiiulize mashine inakubali nini tu. Iulize inakataa nini." Hakuna mwingine aliyekuwa akiniita mana, dada, kwa namna ile. Nililia kidogo, sikufichi, kisha nikaandika: [A-Z -]. Nafasi nimeiacha, na kistari cha akina Abdul-Karimu nimekiongeza mwishoni kabisa. Wewe ndiye uliyenifunza kwamba kikikaa katikati kinageuka "mpaka", kinavuta na alama usizozitaka. Nikaipa mashine majina ya wanawake wote wa mtaa wetu, ikayapokea. Nikaipa tarakimu, nukta, mabano, ikavikataa. Nikaipa tena makusudi SAIDI]JUMA. Ikamtupa. Nikapiga meza.

Shefe alipokuja kuona hakutia saini kwanza. Aliomba kiti, akaandika jina moja kwa kidole kimoja: NYELETI. Mashine ikalipokea. Akaniambia ni mama yake, kule kusini mkoani Gaza, na kwamba kwenye karatasi zote za maisha yake ameandikwa Nieleti. Akakaa analitazama kwenye kioo. Kisha akacheka, kicheko ambacho hatujawahi kukisikia pale ofisini, akatia saini.

Jumapili nikaenda Quionga na Mwalimu Bakari. Watu walijaa uwanja wa shule mpaka kwenye minazi. Mwalimu akasoma majina, na kila jina vigelegele. Alipofika kwa Kijakazi, bibi yake akainuka akamwomba alirudie. Akalirudia. Bibi akasema na mara nyingine, kwani tangu azaliwe hajawahi kusikia jina la nyumbani kwake likitoka kwenye karatasi ya serikali. Mwalimu akalisoma tena kwa sauti ya juu, na Kijakazi mwenyewe kajificha nyuma ya mama yake kwa haya, meno yote nje. Tulikula wali wa nazi na pweza. Nilicheza mpaka kilemba kikafunguka, nikakiacha hivyo hivyo.

Programu hiyohiyo inatumika Nampula na Niassa, na huko nako kuna akina Kijakazi wao. Shefe amenipa ruhusa. Mwezi ujao napanda ndege kwenda Maputo, nikakae na hao waliotutumia, tuyasome mabano pamoja. Nakuahidi sitaondoka pale mpaka yawe yamerekebishwa kwa mikoa yote.

Nikimaliza nitashukia Inhambane kwa mama yako. Tangu ufariki amepokea kutoka kwetu rambirambi tu. Safari hii namchukulia kanga, samaki mkavu wa hapa ghuba ya Tungue, na habari ya watoto waliokwenda shule kwa sababu binti yake alikuwa mtu wa kukagua kila kitu. Nitamweleza kwa Kireno changu kibovu, polepole, mpaka aelewe vizuri kwamba ulikuwa nani kwetu.

Pumzika, Delfina. Mungu akulaze mahali pema.

Wako,
Mwanakombo