Mlio Aliousikia Baba

Nyumbani,
Chumba cha cherehani,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na wifi na watoto. Hali zenu? Kile kikohozi cha mdogo kimeisha? Sisi huku hatujambo, ila mimi nimechoka hoi, na mikono inanuka mafuta ya gari hadi mteja mmoja amekataa nimpime kiuno.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Kwenye simu wewe ni hodari wa kusema mtandao unakatika. Barua haikatiki, kwa hiyo kaa chini uisome yote.

Baba alikwenda kukaa kwa Shangazi wiki mbili, nikaona nitumie nafasi hiyo kulifungua gari lake. Tangu anipe ufunguo mwaka jana, kila nikiendesha moshi unaingia ndani na kichwa kinaniwanga kutwa. Gereji walitaka gari likae siku kumi. Nikasema nitajaribu mwenyewe. Mtu anayetoa sindano iliyovunjikia ndani ya cherehani hashindwi na bolti. Ndivyo nilivyojidanganya.

Unalijua lile bati linalofunika bomba la ekzosi pale linapoungana na injini. Nililitoa siku ya kwanza. Chini yake kuna nati tatu. Mbili nilipigana nazo kwa spana mpaka jasho likaniingia machoni. Ya tatu niliigusa tu, ikabaki vidoleni. Haikuwa imeshika kitu, Kaka. Ilibandikwa kwa gundi ya chuma, na bolti yake ilikuwa imekatika, kisiki kimebaki ndani ya injini.

Kwanza nikadhani nimevunja mimi. Halafu nikaigeuza ile nati kwenye mwanga. Kwenye gundi pana alama ya kidole gumba, na katikati limepita kovu, lile ulilopata ulipojikata kwa mkasi wangu. Nikakaa chini pale pale uani. Nikakumbuka ulivyobadilisha gasketi, ile pedi ya kuzuia moshi usivuje, peke yako siku mbili kabla ya safari yako mwaka juzi, ukatuambia gari sasa ni jipya.

Kukitoa hicho kisiki kumenimaliza. Siku nne nilikinywesha mafuta ya kulainisha kutu, asubuhi na jioni, kama mgonjwa. Nikakigonga taratibu, nikakibana kwa koleo, koleo likateleza, vidole vitatu vikachubuka. Nilikuwa nimeshaazima drili nikitoboe, ndipo akaja jirani yetu fundi wa kuchomelea, yule tunayemwita Cheche.

"Weka chini hiyo drili, dada," akasema. "Ukienda upande kidogo tu, injini umeiua."

Alichomoa waya wa betri, akaweka nati mpya juu ya kisiki, akavichomelea viwe kitu kimoja. Mara ya kwanza nati iling'oka. Mara ya pili vilevile. Ya tatu tuliiacha ipoe, kisha nikaizungusha robo mbele, robo nyuma, nikiongeza mafuta, mpaka kisiki kikaanza kulia kama bawaba kavu. Kilipotoka niliketi nikalia, na Cheche akajifanya anakunja nyaya zake.

Tukafunga bolti mpya na gasketi mpya, tukawasha. Kimya! Kumbe kulikuwa na mlio, tik-tik-tik, siku zote hizo. Masikio yangu yamezoea cherehani, nimeujua siku mlio wenyewe ulipokoma.

Baba aliusikia. Tangu uliposafiri alikuwa akisema gari linavuja pumzi upande wa kulia likiwa baridi. Mtu aliyeendesha mabasi miaka thelathini na mmoja! Mimi nilimcheka. Wewe ukamwambia kwenye simu ni masikio ya uzee. Na siku aliposimamisha gari katikati ya barabara ili asikilize, watu wakampigia honi, ni wewe uliyesema anyang'anywe ufunguo. Aliutoa mfukoni, akauweka juu ya kitambaa nilichokuwa nashona.

Jana amerudi. Sikumwambia kitu, nilitaka kumfurahisha. Nikawasha gari likiwa baridi, nikamwita aje. Alisimama upande wa kulia, mkono juu ya boneti, akainamisha kichwa, akasikiliza muda mrefu. Mimi natabasamu nikingoja.

"Basi, mwanangu," akasema. "Sasa hata ule mlio siusikii tena. Masikio yamekwisha."

Nilimweleza kwamba mlio ulikuwa wa kweli na tumeutengeneza. Nikamletea kisiki akione. Alinipapasa bega, akasema gereji yoyote ina ndoo nzima ya vyuma kama hivyo, nisijisumbue kumpoza. Akaingia ndani. Tangu jana anatazama televisheni akiwa ameizima sauti.

Nimekukasirikia, sitaficha. Si kwa sababu ya bolti. Bolti humvunjikia yeyote, na ulikuwa na haraka ya safari. Nimekukasirikia kwa sababu ulijua. Miaka miwili ulijua ni nini anachokisikia, ukamwacha mzee ajitilie shaka. Na mimi niliyecheka sijitoi.

Ile nati ya gundi sijamwonyesha. Iko kwenye kopo langu la vifungo. Nikimwekea mkononi atalitambua lile kovu mara moja, lakini sitaki akujue hivyo, kupitia mkono wangu. Aliyemwambia masikio yake yamekufa ni wewe, na nimeona kwamba hawezi kumsadiki mwingine. Ufunguo nimeutundika kwenye msumari wake wa zamani karibu na mlango. Ameupita mara nyingi leo, hajaugusa.

Nisalimie sana wifi, na watoto uwakumbatie kwa niaba ya shangazi yao. Shangazi yetu anakusalimu, na Cheche pia. Mungu awape afya na usingizi mzuri, nasi atupe siku ya kuketi sote meza moja.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata leo.

Nilisahau: ukimpigia Baba, usipaze sauti. Anasikia vizuri.