Mbwa Aliyeitwa Nawajua

Chemchem, Tabora

Mama yangu,

Shikamoo. Najua umeitikia marahaba huku umeshika jembe, kwa hiyo liweke chini, ukae, umwache Ambakisye akusomee taratibu. Na wewe kaka, usiruke mistari kama ulivyofanya mara ile ukidhani Mama hatagundua. Goti linaendeleaje, Mama? Dawa ya kuchua imesaidia, au bado mvua ikikaribia goti ndilo linalokuambia? Na ule ugomvi wa mpaka wa migomba na shangazi Tupokigwe umekwisha, au mngali mnapitana njiani kila mtu anatazama upande wake? Huku mawingu yanakuja kututazama tu, kisha yanaondoka, na mchanga unachoma hadi ndani ya viatu. Mwili wangu ni mzima. Moyo ndio uliotikiswa wiki hii, na nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika mwisho.

Ulisema Krismasi, mbele ya wageni wote: "Mwanangu amesomea mifugo ili aoshe mbwa wa watu?" Nilicheka pamoja nao, lakini liliniuma. Ng'ombe ningemtibu usingesema neno. Basi leo sikiliza habari ya mbwa mmoja, halafu useme utakalo.

Kituo chetu ni kiwanja nyuma ya nyumba ya Daktari Maganga, mganga wa mifugo aliyestaafu, mzee mkali wa maneno na laini wa mikono. Tunapokea mbwa waliotupwa, waliogongwa na pikipiki, waliofiwa na wenyewe. Tunawachanja, tunawatibu, tunawatafutia nyumba. Hatuna mfadhili wa mbali. Mwenye bucha anatuletea mifupa, akina mama wa mashine ya kusaga wanatuwekea pumba, na kwaya ya ushirika wetu wa kanisa ilituchangia mabati ya mabanda. Ndiyo, Mama, Wamoravian wamejaa Tabora kama huko Tukuyu, na wanaimba vizuri kuliko ninyi. Daktari husema Wanyamwezi walibeba mizigo ya watu kutoka hapa mpaka pwani, kwa hiyo kubeba mbwa wa watu si kazi ngeni.

Sasa, mbwa mwenye kichaa akauma watu kata ya jirani. Gari la matangazo likapita: kila mbwa afungwe kwake, atakayeonekana anazurura bila mwenyewe atapigwa risasi. Siwalaumu. Nilimwona mmoja wa walioumwa akisubiri sindano, na hofu iliyokuwa machoni mwake simwombei mtu yeyote. Mtendaji wa kata alipofika kituoni alikuwa mpole, ila alisema wazi kwamba kiwanja chetu hakina ukuta, majirani hawalali kwa wasiwasi, na kila mbwa lazima awe na mtu wa kumjibia kabla ya Ijumaa.

"Na asiyepata mtu?" nikamuuliza.

"Ataondolewa, binti yangu."

Alilitamka "ataondolewa" kama mtu anayezungumzia meza. 

Tukahangaika. Daktari alisimama redioni, mimi nikasimama kanisani baada ya matangazo ya ndoa, mwenye bucha akawa anamwambia kila mnunuzi, "Chukua nyama, chukua na mbwa." Watoto wa mbwa wakaisha. Wakali wakachukuliwa na watu wa Nzega, huko kwenye dhahabu ambako kila mtu anataka mlinzi. Hata jike mmoja wa miguu mitatu akapata nyumba. Akabaki mmoja.

Jina lake Nawajua. Usicheke bado. Huko kwetu mbwa anaitwa Simba au Popi, yamekwisha. Huku mtu akikorofishana na jirani haendi kumtukana, anatafuta mtoto wa mbwa na kumpa jina, kisha kila jioni anasimama uani na kumwita kwa sauti ya kufika ng'ambo ya pili. Mtaani kwetu kuna Mtachoka, kuna Yamewashinda, na kuna mama mmoja mwenye mbwa wawili, Semeni na Tumewazoea. Jirani naye anasikia, anajua ni yeye, na hana pa kushitaki, kwa kuwa aliyeitwa ni mbwa.

Nawajua alikuwa mbwa wa Mzee Kapela, fundi baiskeli wa mtaa wa Ng'ambo. Mzee alipofariki, ndugu walikuja wakazika, wakagawana spana na pampu, wakafunga mlango. Mbwa akabaki amelala barazani hadi mwenye bucha akatuletea. Ni mzee, manyoya rangi ya vumbi, sikio moja limechanika. Lakini ni mtulivu kuliko watu wengi ninaowafahamu. Na haitiki jina lingine. Tulimwita Simba mpaka tukakauka koo. Anakutazama kwa huruma, kama umekosea nyumba.

Kwa sababu ya jina hilo, alirudishwa mara zote alizochukuliwa. Mwenye duka mmoja wa Nzega alimrudisha kwa basi. Alimwita mbwa uani wakati mama mkwe wake anaingia na begi, na mama mkwe akageuza na begi lake. Kisha akamchukua mwinjilisti wetu. Jumapili waumini wanatoka ibadani, mwinjilisti yuko mlangoni mwa nyumba yake, "Nawajua! Nawajua!" Mama, watu walisimama. Wengine waliokuwa hawajamaliza ahadi zao za sadaka walirudi ndani ya kanisa! Wazee wa kanisa wakamwendea jioni na kumwomba achague, mbwa au amani. Akaja kunirudishia kamba bila kunitazama.

Hivyo ndivyo Ijumaa ilivyotukuta. Asubuhi Daktari akapata habari kwamba mlinzi wa ghala la karanga huko Ng'ambo yuko tayari kumchukua, maana yeye kazini hana jirani. Nikamfunga Nawajua kamba, tukaondoka kwa miguu. Mkononi nilikuwa na cheti chake cha chanjo, nimekishika kama pasipoti. Tulipofika njia ya zamani ya misafara, ile yenye miembe, alianza kuvuta. Nilidhani ana kiu. Kumbe alikuwa amejua tunaelekea kwao.

Tukiwa tumeingia mitaa ya Ng'ambo, bunduki ikalia.

Haikuwa mbali. Nilisikia mpaka kwenye meno. Nawajua akajivuta nyuma, shingo ikatoka kwenye ukanda, na kabla sijainama alikuwa ameshakata kona. Nikabaki na kamba mikononi. Mama, sijawahi kuogopa hivyo tangu siku baba alipoanguka shambani. Mbwa mzee, hana ukanda shingoni, mitaa ile, na mwenye bunduki yuko kazini. Cheti ninacho mimi. Risasi haisomi cheti.

Ningefanya nini? Nikakimbia na kumwita kwa jina analoitika.

"Nawajua! Nawajua!"

Fundi cherehani akasimamisha mashine. Kijana wa simu za mkononi akafunika meza yake kwa turubai na kukaa juu yake. Mwanamke mmoja aliyekuwa anafua akainuka na povu mikononi: "Unamjua nani wewe? Nijue mimi kwanza!" Sikusimama kumjibu. Nyuma yangu nikasikia mtu anamuuliza mwenzake, "Huyu katumwa na nani?"

Kwenye kichochoro cha nyuma ya soko mwanamume mmoja akanishika mkono. Hakunipiga, ila hakuniachia.

"Dada, unapita unatangaza unatujua. Unajua nini? Sema mbele ya watu."

"Ni mbwa, kaka yangu! Jina la mbwa!"

"Mbwa gani? Mbona simwoni?"

Watu wakaanza kutuzunguka. Na mbele, mwisho wa kichochoro, nikawaona watu wa idara ya mifugo wakiingia taratibu, mwenye bunduki katikati. Nilikuwa nalia, sikufichi. Yule bwana akaona nilipokuwa naangalia, akaona kamba tupu, mkono wake ukalegea. Sikujua mbwa alipo, na wao walikuwa karibu kuliko mimi. Nikajaza pumzi yote niliyobakiwa nayo, nikaita tena:

"Nawajuaaa!"

Na nyuma ya ua wa minyaa, sauti ya kikongwe ikajibu, kali, bila kuchelewa:

"Nami nakujua!"

Watu wakacheka, wale wazee. Vijana hawakuelewa, na mimi sikuelewa, lakini miguu yangu ilishaelewa. Nikapenya pale kwenye minyaa, utomvu ukanichafua gauni. Ndani ya ua alikaa bibi mmoja juu ya kigoda, mbele yake ungo wa michembe anayoanika, vile viazi vitamu vilivyokatwa. Na miguuni kwake, ulimi nje, mbavu zikipanda na kushuka, alikuwa amelala Nawajua. Upande wa pili wa minyaa, kwenye nyumba jirani, niliona mlango uliofungwa na fremu ya baiskeli imening'inia ukutani.

"Mwangaluka, bibi," nikasema kwa salamu ya kwao, nikihema.

"Mwangaluka. Wewe ndiye umeniita?"

Sijajibu, watu wa mifugo wakaingia. Mwenye bunduki hakuwa mtu mbaya. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetamani siku iishe. Akamtazama mbwa, akatazama shingo isiyo na ukanda.

"Huyu mbwa wa nani?"

Nikanyoosha cheti. Akakisoma, akakirudisha. "Chanjo anayo. Nauliza wa nani. Nani anamjibia?"

Nikafungua mdomo kutaja kituo, nikakumbuka kwamba kituo si jibu tena. Nikataka kumtaja mlinzi wa ghala, ambaye hata uso wake siujui. Watu walikuwa wamejaa kwenye minyaa, wanachungulia. Yule bibi akaendelea kugeuza michembe yake, kipande kimoja, kingine, mpaka nikadhani hakusikia swali.

Kisha akasema, "Mimi."

Mama mmoja kwenye minyaa hakujizuia. "Bi Nyamizi! Mbwa wa Kapela? Si alimpa jina kwa ajili yako, mlivyogombania huu ua?"

"Ndiyo maana," bibi akasema. "Jina ni langu, mbwa atakuwa wa nani?"

Mwenye bunduki akatazama chini. Nadhani alikuwa anaficha kicheko, au kitu kingine. Akamwambia bibi amfunge mbwa kamba, akaondoka na wenzake, na mimi nikakaa chini palepale kwenye vumbi karibu na ungo.

Bi Nyamizi alinipa maji kwenye kata. Hakuniuliza jina langu. Alimtazama Nawajua huku akimfunga kamba, fundo baada ya fundo, na akaongea kama anaongea na mbwa.

"Kila jioni Kapela alisimama pale, 'Nawajua!' Nami kila jioni nikamjibu, 'Nami nakujua!' Tumezeeka hivyo. Nikiumwa nisipojibu, anaita mara ya pili. Nikikaa kimya mara ya pili, anamtuma mtu aje aone kama nimekufa. Salamu nyingine hatukupeana. Tangu afe, mwanangu, jioni zinapita. Hakuna anayeniita."

 Nikamvisha Nawajua ukanda wake, nikakaza tundu moja zaidi, nikamwonyesha bibi jinsi ya kumpa chakula chake maana meno yamebaki machache. Akaniambia ya kwake pia yamebaki machache, watakula uji mmoja.

Jana nilipita kuwaona. Jua lilikuwa linateremka na nilisimama nje ya minyaa kwanza, bila kubisha. Bibi alikuwa anamwita mbwa aje ndani. Alimwita kwa nguvu zake zote, uso ameuelekeza kwenye ile nyumba iliyofungwa, kisha akanyamaza kidogo, akasikiliza. Nawajua akabweka mara moja. Hapo bibi akaingia ndani. Sikubisha, Mama. Niligeuka nikarudi Chemchem, na leo nimechukua kalamu.

Basi ndiyo kazi yangu hiyo. Kituo kinaendelea, Daktari ameanza kuomba tofali za ukuta kwa kila anayemsalimia, hata kwenye misiba, na mtendaji amesema ukuta ukisimama tutaongea. Barua hii anakuletea mwalimu mmoja anayekuja likizo huko, pamoja na chupa ya asali ya miombo. Asali usimpe Ambakisye aishike.

Nisalimie mama mdogo, na mchungaji, na yule babu anayekukamulia ng'ombe. Mwambie mke wa kaka viatu vya mtoto ninavitafuta. Na shangazi Tupokigwe nisalimie pia. Najua hamsemezani. Hata usimwendee, simama tu kwenye migomba jioni, upaaze sauti kwamba Tusajigwe amekusalimu. Akinyamaza, ita mara ya pili.

Binti yako, mwosha mbwa,

Tusajigwe