Filamu Uliyoikataa

Annie,

Naenda Lilongwe, kule Area 23, kupeleka nguo za kwaya nilizoshona. Nsima, ule ugali wa huku, iko kwenye sufuria, maharage mupashe moto.

Asubuhi nilikukaripia bure. Ile filamu ya vita inashindania tuzo, bantu wote banaisifu, nikasema leo tutaiangalia sisi wote. Ukanijibu pole pole: "Mama, niliiangalia kwanza mi peke yangu. Iko masasi mingi. Rémy ataanza tena kujificha chini ya kitanda kama tulipotoka Bukavu." Mi mama yake sikuwaza hilo.

Aksanti sana, binti yangu, kwa kumulinda mudogo wako.

Muweke ile ya katuni uliyoichagua, nayo inashindania tuzo. ~~Nikikosa gari ya kurudi kambini Dzaleka, mutangulie kuiangalia.~~ Hapana, muningojee. Nataka kumusikia Rémy akicheka.

Mama yenu